Picha Niliyopigwa kwa Jina Lako

Kulwa,

Shikamoo.

Najua hapo umecheka. Maisha yetu yote uliidai hiyo shikamoo, eti ulitangulia kutoka tumboni, na mimi nikakunyima. Ulikuwa unanipigia simu ukiwa ukumbini, spika zinapiga kelele nyuma yako, "Doto, nipe shikamoo yangu nipande jukwaani na baraka," na mimi najibu, "Panda bila." Leo nimekupa. Imechelewa, lakini ni yako.

Naandika nikiwa Kiseke, mchana, nimekaa kwenye lile jiwe la nyuma tunapoanikia nguo. Kabula wangu amenyonya, amelala. Unga wa maandazi ya jioni nimeuacha uumuke. Mkono unauma kwa kukanda, kwa hiyo mwandiko usiujali.

Juzi nilikuwa mahakamani. Nimesema kila kitu. Nimesema ulichokuwa unaumwa, nimesema uliingia pale hospitali kwa jina langu, na nimetoa ile picha. Ulinishika mkono ukaniambia nisimwambie mtu, hata mama. Nimewaambia watu waliojaa chumba kizima, na wengine walikuwa wanaandika ili wakaseme redioni. Ndiyo maana nakuandikia. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine.

Siku ile tulipopanga ilikuwa kama mchezo. Uvimbe kwenye kizazi ulikuwa umekutesa muda mrefu, unaimba huku umejifunga kanga mbili ndani ya gauni, damu haikatiki, na watu kwenye simu zao wanauliza, huyu Kulwa anawaimbia maharusi kila wiki, mtoto wake yeye yuko wapi? Wewe uliyewasindikiza maharusi kutoka Kisesa mpaka ng'ambo ya Sengerema, uliyesimama mbele ya maelfu ya watu siku za ngoma pale Bujora bila kutetemeka, ulikuwa unaogopa neno moja tu. Mgumba. Daktari akakuambia uvimbe ukitolewa unaweza kubeba mimba. Uliponieleza ulikuwa unamwogesha Kabula kwenye beseni langu la unga, na ulinong'ona kama vile Kabula angetoka hapo akasimulie mtaani. "Nikizaa, nampa jina lako. Nikishindwa, asijue mtu kwamba nilijaribu."

Ukavua wigi. Ukafuta rangi kwenye kucha. Ukavaa ile blauzi yangu yenye madoa ya mafuta, ukajifunga kitambaa kichwani. Ulinisimulia mwenyewe jinsi yule dada wa mapokezi alivyokukazia macho. "We dada, mbona kama namwona Kulwa?" Na wewe ukaigiza sauti yangu ya puani: "Mimi pacha wake. Yule ndiye mwenye bahati, mimi nakaanga maandazi." Wakacheka wote. Ukaandikwa Doto. Alipoita "Doto" ukaitika "abee" bila hata kugeuza shingo.

Ndivyo tulivyolelewa. Pale nyumbani Kisesa mama akiita mmoja, anaitika aliye karibu. Wa kufuata kuni, wa kufungulia ndama, yeyote. Yule mwalimu wa darasa la tatu alitutandika kwa hilo, akasema kila mtu ana jina lake, na sisi tukamwona hajui mambo. Mimi nami nilishawahi kuwa wewe. Unaikumbuka ile harusi ya Usagara? Nilitangulia na magauni yako, gari lenu likaharibika njiani, wenye harusi wameanza kununa, nikavaa gauni nikapanda. Wimbo ukapigwa, mimi nafumbua mdomo na kufumba. Mpaka leo yule bwana harusi hajui. Ulipofika ulijificha nyuma ya maturubai ukacheka mpaka ukakaa chini.

Kwa hiyo nilipoingia wodini kukuuguza, Kabula mgongoni, nesi akatuangalia, mara wewe mara mimi, akapiga makofi. "Haa! Sasa huyu ndiye mwenyewe!" Ulikuwa umetoka kwenye upasuaji, macho yanafumbuka na kufumba. Ningeweza kucheka tu nikanyamaza. Lakini wewe ulifungua jicho moja, ukamwona nesi yupo, ukaniambia, "Kulwa, umekuja." Ulinikabidhi jina lako mbele yake, na mimi nikaitika, "Abee, Doto."

Hapo ndipo moyo wangu unaporudi kila ninapokaa.

Ukasema unasikia baridi. Nikakufunika kitenge changu. Nikakushika mkono, ulikuwa kama umeuchovya ziwani asubuhi. Nikamwambia nesi, "Dada, huyu mkono wake ni wa baridi sana." Akasema, "Ni dawa ya usingizi hiyo, dada Kulwa, mwache pacha wako apumzike. Njoo basi tupige picha, mwenzangu wa wodi ile hataniamini." Nilikaa kando yako. Halafu Kabula akaanza kulia, anataka ziwa, na sauti yake unaijua, nikasema atakuamsha. Nikatoka naye hadi kibarazani.

Nesi akanifuata. Akaja mwenzake. Akaja mama wa usafi na ndoo yake, akaja mlinzi wa getini. "Kumbe Kulwa una mtoto! Na watu wanavyosema!" Nami, Kulwa, nikasema, "Ndiyo, ni wangu huyu." Niliona nakupa zawadi. Niliona kesho maneno ya watu yatakwisha, wataambizana Kulwa ana mtoto, tumemwona kwa macho yetu. Nilijisikia vizuri kusema vile. Nesi akanyoosha simu juu, wote wakanibana huku na huku, nikacheka, ule mcheko wako wa kuinua kidevu. Mlinzi akasema, "Tupe hata kipande." Nikawaimbia.

Niliimba, Kulwa. Wewe upo nyuma ya mlango, na mimi nimesimama kibarazani na sauti yangu mbovu ninawaimbia wimbo wako, na wao wanaona ni mzuri kwa sababu wanadhani ni wewe. Sikufanya haraka. Mimi ambaye tangu nizaliwe sijawahi kuombwa picha na mtu, sikufanya haraka.

Niliporudi ulikuwa umegeukia ukutani. Nesi alikuwa nyuma yangu bado anaangalia simu yake, kwa hiyo nikakuita kama tulivyopatana. Doto. Doto, we Doto. Hukuitika. Wewe uliyekuwa unaitikia jina lolote likiitwa. Ndipo nikakuita jina lako lenyewe, kwa kupiga kelele, na yule nesi akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili. Shuka upande wa ukutani lilikuwa limelowa. Wakakimbia, wakaita daktari, wakaambiwa ameshakwenda kazini kwingine, na alipofika jua lilikuwa linashuka na hapakuwa na kazi ya kufanya.

Neno la mwisho nililokuambia ukiwa unasikia ni jina langu. Nalirudia sana hilo. Sijui kama ulikwenda ukijua ni wewe uliyekuwa unaitwa.

Msiba wako ulikuwa mkubwa, ungeupenda. Wasanii wenzako walikuja na magari ya matangazo, barabara ya kwenda nyumbani ilijaa, watu wamepanda juu ya mawe waone jeneza. Lakini kibali cha mazishi kilitoka kina jina langu. Baba Kabula alihangaika nacho ofisi kwa ofisi, kila dirisha anaulizwa, "Sasa marehemu ni nani?" Huku Kiseke wakatangaziana kwamba nimekufa mimi. Mama Pendo wa genge alikuja na bakuli langu alilokuwa ameazima tangu zamani, analia, amrudishie baba Kabula. Nikamfungulia mlango mwenyewe. Alitupa bakuli akakimbia. Hilo ningekusimulia kwa simu, tungelia kwa kucheka.

Halafu mambo ya kesi. Mimi sikuyaanza, ni ule umoja wenu wa wasanii ndio ulioniletea Wakili Koku, dada wa Kihaya, mkali, anaongea kama anakata muwa. Tukawashitaki kwa uzembe uliosababisha kifo. Hospitali wakajibu kwamba wao mgonjwa anayeitwa Kulwa hawamjui. Walimtibu mtu anaitwa Doto, na huyo Doto mbona ni mzima, ndiye analalamika. Halafu wakasema hata kama ni wewe, walikuangalia mchana kutwa, walikupima presha kila walipotakiwa, imeandikwa.

Akaja mzee mmoja mwenye heshima zake, ametumwa na hospitali, na mzee wa kanisa, wakakaa na mama. Tuyamalize nyumbani, walisema, jina la marehemu lisije likachafuliwa. Mama akakubali. Akaniambia, "Mwanangu aliingia kule kimya. Atoke kimya." Hata alikuwa hajui uliingia kwa ajili ya nini. Alijua tumbo tu. Na mimi, nisikufiche, nikashukuru. Nilisema moyoni, basi, siri ya Kulwa imebaki, na ile picha haitaonekana. Yule nesi alikuwa amenitumia siku ile ile, pale kibarazani. Wao wote walikuwa wameshaifuta. Nilibaki nayo mimi.

Ni Mama Pendo aliyeniharibia raha hiyo, bila kujua. Alikuja kununua maandazi, amechangamka, akaniambia amepata nafuu ya moyo, amepangiwa kutolewa uvimbe. Wapi? Pale pale ulipofia, geti la bluu. "Manesi wao wachangamfu, Doto, utadhani mmezaliwa nao." Nikaunguza maandazi yote yaliyokuwa kwenye karai. Nikamwambia asiende. Akaniuliza kwa nini, kwani si tumepatana nao? Nikageukia karai, nikaanza kuokota yaliyoungua.

Kesho yake nikaenda na simu kwa Wakili Koku. Aliiangalia ile picha muda mrefu. Saa iliyopigwa inaonekana. Akafungua makaratasi ya hospitali, akaweka kidole. Saa ile ile, nesi yule yule aliyenyoosha simu juu, ameandika yupo kitandani kwako anakupima presha. Wakili Koku akaniambia, "Doto, hii inawamaliza. Na wewe inakumaliza. Watakuuliza ulikuwa unacheka nini. Watakuuliza alijificha kwa nini, na utasema. Kaa nayo, uamue, mimi sitakusukuma."

Nilikwenda kwanza kwa mama. Nilikuwa na Kabula, tulimkuta anapeta mtama uani. Nikakaa chini karibu na ungo, nikampa simu. Ulipokuwa hai mama hakuwahi kutuchanganya, unajua. Hata tukiwa wadogo, tumevaa sawa, tumemgeuzia mgongo, alikuwa anajua. Aliishika simu mbali na macho, akatabasamu, akasema, "Kulwa wangu. Hii ni siku gani, amempakata Kabula?"

Nikasema, "Mama, huyo ni mimi."

Akaangalia tena. Akasema hapana. Nikamwambia ni mimi, ni siku ile, Kulwa alikuwa ndani kitandani. Nikamweleza na uvimbe, na mtoto uliyekuwa unamtafuta, na jina. Mama hakunipiga, hakunitukana. Alirudisha simu taratibu, akaendelea kupeta, makapi yanaruka yanamwingia kwenye nywele wala hayatoi. Baadaye akasema, "Angeniambia mimi. Mimi ningemwambia nini? Nami nilikaa miaka kabla yenu, mama yake baba yenu ananiita mgumba." Hilo hukulijua. Mimi pia sikulijua. Ulikuwa unamficha mtu ambaye angekuelewa kuliko sisi wote.

Halafu akasema niende nikaseme, yale mapatano na wazee tuyavunje.

Asubuhi ya kesi tuliingia na mama, Kabula tukamwacha kwa Mama Pendo. Karani akasimama akaita jina langu. Kulwa, nilikaa. Mwili wangu ulisubiri wewe uitike. Kama vile kawaida, aliye karibu. Karani akaita tena, watu wakaanza kugeuka, Wakili Koku akanigusa goti. Nikasema "abee", na sauti ikatoka yenyewe tu, nyembamba, haina mwenzake.

Wakili wao ni baba mmoja mpole mwenye miwani. Akaniuliza, "Samahani dada, leo umekuja kama Kulwa au kama Doto?" Watu wakacheka, hata mimi nilielewa kwa nini wanacheka. Nikamwambia, "Leo nipo mwenyewe." Akaniuliza kama tuliwadanganya. Nikasema ndiyo, tuliwadanganya jina. Akauliza kwa nini, nikamweleza Mheshimiwa Jaji kwa nini, na nilipolitaja lile neno ulilokuwa unaliogopa nilisikia wanawake waliokaa nyuma wanaguna, sio kwa kukucheka, Kulwa. Walikuwa wanaguna kama mtu aliyeguswa kidonda chake. Wapenzi wako walikuwa pale, wamevaa fulana zenye uso wako. Mmoja alivua kilemba akajifuta macho.

Akaniuliza, "Na katika picha hii unacheka nini, dada yako akiwa mgonjwa?"

Nilikuwa nimejiandaa majibu. Nilikuwa nimewaza kusema nilikuwa nanyonyesha, kusema nesi aliniambia hakuna tatizo. Yote ni kweli. Nikasema, "Nilikuwa nafurahi. Niliwaambia mkono wake ni wa baridi, wakaniambia ni dawa, nikawaamini kwa sababu nilitaka kuwaamini. Walikuwa wananipenda. Ila mimi nakaanga maandazi, sijui mkono wa baridi maana yake nini. Aliyesomea yuko hapo kwenye picha, ameshika simu." Halafu nikaishia hapo, maana maziwa yalikuwa yameshalowesha blauzi na nilikuwa nataka kwenda nyumbani.

Baada yangu wakamwita yule nesi. Ni binti mdogo, mdogo kuliko sisi. Waliweka picha mbele yake na karatasi yake pembeni. Wakili wa hospitali alikuwa anamfanyia ishara za macho, lakini yeye alikuwa ananiangalia mimi, na najua alichokuwa anakiona, anaona sura ya mtu aliyekufa mikononi mwake imekaa kwenye benchi. Akasema, "Sikumpima. Niliandika tu." Jaji akamwambia arudie kwa sauti. Akarudia.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Sikujua kama ndicho mpaka nilipokisikia. Hukumu bado, tumepewa siku ya kurudi, na Wakili Koku anasema inaweza kwenda upande wowote kwa sababu ya lile jina. Vyovyote watakavyoamua, nitakwenda kusikiliza nimesimama. Mama Pendo amekwenda kutibiwa kwingine.

Nje, kwenye ngazi, yule binti alinikuta. Alitaka kupiga magoti nikamkamata kiwiko. Hakusema kitu cha maana, alisema dada, dada, basi. Siwezi kukuambia nimemsamehe. Nilimshika tu kiwiko muda, kwa sababu siku ile kibarazani tulikuwa wote wawili. Redio jioni walisema kila kitu. Nimeivunja ahadi niliyokupa uliponishika mkono. Sitaki unifariji kwa hilo, nitakaa nalo.

Kuna jambo moja la mwisho, halafu nikaangalie unga.

Tangu uondoke mama anakosea. Nikienda Kisesa yuko uani, mimi nipo ndani nafagia, anaita, "Kulwa! Niletee kibuyu." Na mimi kila mara nimeitika, "Abee, mama." Nampelekea, anapokea, hatutazamani. Niliona namsaidia. Hata jana, baada ya yote yale, ameita, na midomo yangu ilishafunguka. Kumbe ni kile kile. Nasimama penye nafasi yako nacheka, ili asijue mtu kwamba haupo.

Sitaitika tena, Kulwa. Nakuahidi. Akiita jina lako nitatoka niende nikakae karibu naye, tusikilize wote wawili mpaka anyamaze. Na Kabula akikua nikamwonyesha ile picha, nitamwambia huyu ni mimi. Wewe nitamwonyesha zile ambazo ni wewe, na nitamwambia alikuwa na mama mkubwa aliyemwogesha kwenye beseni la unga na aliyemtaka mtoto kwa nguvu zake zote, wala sitashusha sauti nikisema.

Kabula ameamka, namsikia. Lala kwa jina lako.

Shikamoo tena. Najua hakuna wa kuniambia marahaba. Naiacha hapo hapo, sitaiitikia mimi badala yako.

Doto